Michezo ya video ya kale si takataka, wala si dhahabu

Kila mwaka walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi wao insha isiyozeeka: "Uraibu Wangu". Wapo wanaoandika kuhusu kandanda, wapo wanaoandika kuhusu kusoma hadithi, na zamani hakukosekana mmoja aliyejigamba kwamba alikusanya stempu. Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Wazee wa pwani walilitumia kwa tambuu, tumbaku na kahawa, vitu vinavyomchangamsha mtu hata akashindwa kuviacha. Darasani tumelipa maana ya upole zaidi, ya shughuli ya kujiburudisha mtu anapopumzika. Hata hivyo maana hizo mbili hazijaachana, na hakuna mahali zinapoonekana zikiishi nyumba moja kama katika uraibu wa kukusanya michezo ya video ya zamani.

Mnamo Julai 2021, katika mnada uliofanyika Marekani, mtu mmoja alilipa dola milioni 1.56, yaani zaidi ya shilingi milioni 160 kwa kima cha fedha cha wakati huo, ili apate nakala moja ya mchezo uitwao Super Mario 64. Siku mbili kabla ya hapo, nakala ya The Legend of Zelda ilikuwa imeuzwa kwa dola 870,000. Msomaji asidhani kwamba Super Mario 64 ni kitu adimu. Mchezo huo ulitolewa mwaka 1996, na zaidi ya nakala milioni 11 ziliuzwa kote ulimwenguni. Kilichonunuliwa kwa mamilioni hayo si mchezo, kwa kuwa mnunuzi akithubutu kuucheza ataiharibu mali yake. Kilichonunuliwa ni nailoni ya kiwandani ambayo haijawahi kupasuliwa.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya matajiri wasiojua la kufanya na fedha zao, na kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya kuyajadili. Siafiki. Nyuma ya kioja hiki kuna swali zito: ni nani anayehifadhi kumbukumbu za vizazi vilivyokulia mbele ya kioo, na anazihifadhi kwa ajili ya nani? Swali hilo linatuhusu hata sisi, kama nitakavyojaribu kueleza.

Tuanze na jalala. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uliotokana na filamu ya E.T. Mtungaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa muda wa takriban wiki tano tu kuukamilisha ili uwahi sikukuu ya Krismasi. Mchezo haukupendwa, na mwaka uliofuata biashara yote ya michezo ya video nchini humo ikaporomoka. Shehena ya katriji zisizouzika ilisafirishwa hadi mji mdogo wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, ikafukiwa katika jaa la taka. Kwa miaka mingi watu walibishana kama kisa hicho kilikuwa cha kweli au ni ngano. Hatimaye, Aprili 2014, jaa lilichimbuliwa mbele ya umati, na katriji zikapatikana. Mamia yake yaliuzwa kwa mnada, na moja ikakabidhiwa makavazi ya Smithsonian. Wahenga walisema kuwa ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Hawakujua kwamba siku moja chungu hao watakuwa wanadamu wenye vitabu vya hundi.

Waliokuwa wa kwanza kukusanya vitu hivi hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa vijana waliookota katriji kwenye mauzo ya vitu vikuukuu kwa bei ya soda, wakaandikiana barua, wakabadilishana orodha na kusahihishana. Walitaka kujua ni michezo mingapi iliyotolewa, na nani, na kwa nini nakala moja ilitofautiana na nyingine. Mtu akiwa na nakala mbili alimpa mwenzake moja. Kilichowaunganisha kilikuwa udadisi, na udadisi huo ndio mwanzo wa usomi wowote ule.

Baadaye mambo mawili yaligeuza hali hiyo. La kwanza ni soko la intaneti. Tovuti ya eBay ilipoanzishwa mwaka 1995, kitu kilichokuwa na thamani katika kijiji kimoja kikapata bei ya ulimwengu mzima. La pili ni umri. Mtoto aliyezawadiwa mtambo wa Nintendo mwaka 1985 amekwisha kupita miaka arubaini. Sasa ana mshahara, ana nafasi nyumbani, na ana hamu ya kukirudisha kile ambacho mama yake alikitupa walipohama. Wakati wa janga la korona, watu walipofungiwa majumbani kuanzia mwaka 2020, hamu hiyo ilikutana na muda mwingi usio na kazi, na bei zikapaa.

Sisi nasi hatukuwa nje ya historia hii, ingawa tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mtambo wa Nintendo ulioitwa Famicom ulianza kuuzwa Japani mwaka 1983. Muda si muda viwanda vya Asia vikaunakili bila idhini, na nakala hizo zikatapakaa katika nchi ambazo Nintendo haikujali kufika. Nchini Urusi nakala mashuhuri iliitwa Dendy, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992. Nchini Poland iliitwa Pegasus. Katika mtaa nilikokulia, mtambo wa namna hiyo ulikuwa katika nyumba moja pekee, na watoto wa mtaa mzima tulijua saa ambayo baba mwenye nyumba hutoka kazini. Katriji iliandikwa kwamba ina mamia ya michezo. Tulipohesabu tuligundua kuwa ni michezo michache tu iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Huo, nadhani, ndio uliokuwa mtihani wangu wa kwanza wa isimu: kutambua kwamba majina mengi si lazima yawe na maana nyingi.

Siku hizi nakala hizo za magendo zina wakusanyaji wake. Wanazitafuta kwa sababu zinasimulia jinsi teknolojia ilivyowafikia watu ambao wenye kampuni hawakuwahesabu kuwa wateja. Ninawaheshimu wakusanyaji hao kuliko aliyenunua nailoni kwa dola milioni moja na nusu, na ningependa kueleza sababu.

Biashara ya bidhaa zisizofunguliwa inategemea kampuni za kukadiria hali. Mwenye mchezo huupeleka kwa wakadiriaji, nao hukagua boksi, pembe zake na nailoni yake, kisha huufungia ndani ya sanduku la plastiki ngumu lenye alama. Mchezo wenye alama 9.8 waweza kuuzwa kwa mara nyingi ya bei ya ule wenye alama 8. Utaratibu huu ulitoka katika biashara ya sarafu na vitabu vya katuni, na kwa sarafu una mantiki, maadam sarafu ni sura yake tu. Mchezo wa video haufanani na sarafu. Mchezo ni kama utenzi. Haupo mpaka uchezwe, jinsi utenzi usivyokuwepo mpaka ughanwe. Kuufungia ndani ya plastiki na kuupa alama ni sawa na kuupima utenzi kwa unadhifu wa karatasi ulioandikiwa.

Palipo na faida ya ghafla hapakosi minong'ono. Mwaka 2022 kesi iliwasilishwa mahakamani huko California ikiilaumu kampuni moja ya ukadiriaji kwa kuchangia kupandisha bei kwa hila. Madai si hukumu, nami sitaki kuyageuza kuwa hukumu. Inatosha kutambua kwamba baada ya kilele cha mwaka 2021 bei za bidhaa nyingi za aina hiyo zilishuka, na waliokuwa wameingia sokoni mwishoni ndio waliobaki na masanduku ya plastiki mikononi. Waliopata hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wale wasiotajwa katika habari za minada: mwanafunzi anayetaka kuchunguza mchezo wa mwaka 1990 kwa utafiti wake, au mtoto anayetaka tu kuucheza, ambao bei imewazidi kimo.

Fauka ya hayo, plastiki haihifadhi kitu. Wahenga walisema akiba haiozi. Ni dhahiri hawakuwa wameona katriji. Katriji nyingi za zamani zilikuwa na betri ndogo ndani yake, iliyotunza kumbukumbu ya hatua aliyofikia mchezaji. Betri hiyo hufa baada ya miaka kadhaa, na kumbukumbu hufa nayo. Vipuri vya ndani vya mitambo huvuja maji yanayotafuna shaba. Hata runinga ni tatizo. Mchezo wa Duck Hunt wa mwaka 1984 ulitumia bunduki ya plastiki iliyotegemea namna runinga za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilivyochora picha mstari baada ya mstari. Ukiuunganisha na runinga bapa ya leo, bunduki hiyo ni kipofu. Mkusanyaji wa kweli hivyo basi hulazimika kuwa fundi. Lazima afungue na kuchomelea betri mpya, na anakili yaliyomo kabla hayajapotea. Aliyefungia mchezo wake ndani ya sanduku lenye alama hawezi kufanya lolote kati ya hayo.

Kazi ya wakusanyaji wa aina hii imefikia kiwango ambacho sisi wa vyuo vikuu hatuna budi kukiita usomi. Nitatoa mfano kutoka uwanja wangu. Mwaka 2006 Nintendo ilitoa Japani mchezo uitwao Mother 3, wenye hadithi ndefu na mazungumzo mengi, pasipo kutoa toleo la Kiingereza. Wapenzi wa mchezo huo, wakiongozwa na mfasiri Clyde Mandelin, waliyatoa maandishi yake ndani ya katriji, wakayafasiri, wakayarudisha mahali pake na kutoa kazi yao bure mwaka 2008. Walikabiliwa na matatizo yale yale anayokabiliwa nayo kila mfasiri: mzaha usiofasirika, lafudhi ya mhusika, jina lenye maana iliyofichika. Aidha walikuwa na tatizo la nafasi, kwani sentensi ya Kiingereza ilipaswa kuenea ndani ya kisanduku kilichokatiwa Kijapani.

Hata makosa yamehifadhiwa. Toleo la Ulaya la mchezo wa Zero Wing, la miaka ya mwanzo ya 1990, lilifasiriwa kwa Kiingereza kibovu kiasi kwamba sentensi zake zimekuwa mzaha wa ulimwengu mzima. Mwenye kampuni angependa kosa hilo lisahauliwe. Mwanaisimu angependa lihifadhiwe, kwa sababu kosa nalo ni ushahidi. Linaonyesha lugha mbili zilikutana wapi na kugongana vipi. Anayelinganisha miswada ya tenzi za kale anajua kuwa nakala yenye kosa mara nyingine humfunza mengi kuliko nakala safi.

Hapa ndipo tunapokutana na sheria. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation, likishirikiana na Software Preservation Network, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni kwa njia halali. Anayeitaka hana budi kutafuta nakala kuukuu ya bei ghali, asafiri hadi kwenye makavazi, au avunje sheria. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwawezesha watafiti kuitumia michezo hiyo kutoka mbali. Mnamo Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ililikataa ombi hilo, baada ya makampuni kuonya kwamba watu wangejifanya watafiti ili wacheze bure.

Sidharau hofu ya makampuni. Wanamuziki na waandishi wetu wanajua machungu ya kuona jasho lao likinakiliwa na kuuzwa barabarani. Hakimiliki ni haki. Hata hivyo haki ya kuuza isiwe haki ya kuficha. Kitabu kilichokwisha sokoni hupatikana maktabani, wala hakuna mchapishaji aliyefilisika kwa sababu ya mwanafunzi kukiazima. Makavazi ya Strong yaliyoko Rochester, New York, na yale ya michezo ya kompyuta yaliyofunguliwa Berlin mwaka 1997, yanafanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini mwanafunzi wa Eldoret au Maseno hawezi kupanda ndege hadi Rochester ili akatazame mchezo mmoja kwa saa mbili. Kwa msomaji wa huku kwetu, kumkatalia kuutumia mchezo kutoka mbali ni kumkatalia kabisa.

Lililo zito zaidi ni kwamba michezo ya leo huenda isiwe na cha kukusanywa hata kidogo. Mnamo Machi 27, 2023, Nintendo ilifunga maduka yake ya mtandaoni ya mitambo ya 3DS na Wii U, na michezo iliyouzwa humo tu haikuweza kununuliwa tena. Mtambo wa Switch 2, ulioanza kuuzwa Juni 2025, una baadhi ya kadi ambazo ndani yake hamna mchezo. Mna ufunguo tu wa kukuruhusu uupakue kutoka mtandaoni. Ni mfano wa kununua jalada la kitabu lisilo na kurasa, uambiwe kurasa utaletewa maadam mchapishaji angali anapenda.

Mjadala huu umekwisha kugeuka kuwa mjadala wa maana ya maneno. Jimbo la California lilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu, ambayo yaweza kufutwa. Barani Ulaya zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka makampuni yasiruhusiwe kuiua michezo ambayo watu wamekwisha kuilipia. Kwa mara moja wabunge wamelazimika kuuliza swali la mwanasemantiki: mtu akisema amenunua kitu, amemaanisha nini?

Na sisi je? Msomaji asidhani kwamba Kenya ni mtazamaji tu. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 vijana wetu walitunga Ma3Racer, mchezo wa simu wa kuendesha matatu, ambao wenye simu za Nokia waliupata kupitia duka la programu la kampuni hiyo. Duka hilo halipo tena. Mwaka 2015 ukatoka Nairobi X wa Andrew Kaggia, ambamo mchezaji huulinda mji wetu mkuu dhidi ya wavamizi kutoka angani. Nauliza: ni maktaba gani ya umma ambako mwanafunzi anaweza kuingia leo akaomba kuonyeshwa michezo hiyo jinsi ilivyokuwa siku ilipotoka? Mila yetu ya kukabidhi nakala ya kila chapisho kwa serikali ilijengwa kwa kufikiria vitabu na magazeti. Mchezo wa simu haukuwahi kufikiriwa.

Tunaye kielelezo chetu wenyewe cha mkusanyaji mwema. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alitumia maisha yake kukusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Afrika. Uraibu wake ulikuwa mkubwa, na wanunuzi wa ng'ambo walimmezea mate. Hata hivyo mwaka 1976 alikubali kuiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake, na sehemu yake kubwa i katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuingia. Murumbi alielewa kwamba mkusanyiko huanza kwa mapenzi ya mtu mmoja, na hukamilika unapokuwa amana ya wengi.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, wahusika wanapoirekebisha sheria ya machapisho wahakikishe kwamba programu na michezo inayotungwa nchini inahifadhiwa nakala, hata ikiwa umma utaruhusiwa kuitumia baada ya miaka kadhaa. Pili, vyuo vikuu vyetu, ambavyo vinafundisha watunzi wa programu kila mwaka, vihifadhi kazi za wanafunzi wao badala ya kuzifuta kompyuta zinapobadilishwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pendekezo la tatu nawaachia walimu na wanafunzi, nalo halihitaji fedha wala sheria. Katika vibanda vya michezo vilivyo mitaani, ambako vijana hulipa shilingi chache kwa kila mchezo, limezuka tangu miaka ya 1990 pote zima la maneno: ya kushinda na kushindwa, ya kuomba zamu na kunyimwa, ya kumkejeli aliyefungwa. Mengi ya maneno hayo yamekwisha kufa pamoja na mitambo iliyoyazaa, na hakuna kamusi iliyoyanakili. Mwanafunzi akimhoji kaka yake, au mjomba wake mwenye umri kama wangu, akayaandika maneno hayo pamoja na mwaka na mtaa yalikotumika, atakuwa ameanza mkusanyiko ambao hakuna tajiri wa mnadani awezaye kuununua.

Mwalimu atakapoitoa tena insha ya "Uraibu Wangu", na amwombe mwanafunzi aongeze aya moja mwishoni: kitu unachokipenda kimewekwa wapi, na nani mwingine anaweza kukifikia? Atakayeshindwa kujibu swali hilo ajue kwamba uraibu wake ungali ule wa tambuu.